Gavana, TLP au vitufe vitatu: nani aisimamie prosesa ya Linux yako?

Binamu yangu wa Sakina, Arusha, anaishi kwa picha. Wageni wakirudi kutoka Serengeti, yeye ndiye anayepokea kadi zilizojaa, anatafuta simba mmoja aliyetulia kati ya mia waliotikisika, anakata video ya dakika mbili na kuirudisha kabla mgeni hajapanda ndege. Mashine yake ni ThinkPad T480 ya mtumba. Mimi niko Moshi, jirani na stendi, nina steshenari: kuprinti, kutoa kopi, kuskani vyeti, kujaza maombi ya mtandaoni. Kompyuta ya mezani yenye Ryzen 3 2200G ndiyo inabeba duka, na kuna HP EliteBook 840 G3 ninayotembea nayo. Mashine zote tatu ni Linux Mint.

Mwezi wa pili alinipigia. "Kaka, feni inavuma kama mashine ya kusaga, na nikichomoa chaja betri haimalizi hata kipindi kimoja cha mpira. Nimesoma kuna TLP, kuna auto-cpufreq, kuna cpupower, kuna magavana sijui wangapi. Nichukue ipi?"

Nilimwambia asipakue kitu kwanza. Watu wengi huanza kwa kusakinisha programu tatu usiku mmoja, kila moja inaandika thamani yake kwenye faili lilelile la keneli (moyo wa Linux), na asubuhi hakuna anayejua nani alishinda. Hizi ni njia za kuchagua moja. Ukishachagua, nyingine zitoke.

Kabla ya kulinganisha: draiva gani?

Draiva hapa ni kipande cha keneli kinachozungumza na prosesa kuhusu kasi. Andika hivi kwenye terminali:

`cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_driver`

Jibu linalorudi litaamua nusu ya mambo yote yanayofuata. Mashine ya Intel ya kizazi cha pili kuja juu kwa kawaida itajibu `intel_pstate`, au `intel_cpufreq` ambayo ni draiva hiyohiyo ikifanya kazi kwa mtindo mwingine. Mashine za zamani, na AMD nyingi za kabla ya Zen 2, zitajibu `acpi-cpufreq`. AMD mpya zaidi zenye keneli ya 5.17 ya mwaka 2022 au baada yake zinaweza kujibu `amd-pstate` au `amd-pstate-epp`.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu ya neno moja, `powersave`, ambalo limenitia aibu mbele ya wateja.

Gavana, kwa lugha ya keneli, hana uhusiano na yule wa Benki Kuu, ingawa kazi zao zinafanana: anaangalia hali ya soko na kuamua kasi ipande au ishuke. `performance` anataka kasi ya juu. `ondemand`, aliyeingia kwenye keneli mwaka 2004, anapandisha mara moja mzigo ukija. `conservative` ni ndugu yake mpole, anapanda ngazi kwa ngazi. `schedutil`, wa mwaka 2016, hakisii kwa kupima kila baada ya muda, anachukua hesabu moja kwa moja kwa mpangaji wa kazi wa keneli. Na `powersave` je? Inategemea umemkuta nyumba gani.

Kwenye `acpi-cpufreq`, `powersave` anaifunga prosesa kwenye kasi ya chini kabisa na hainyanyui hata nyumba ikiungua. Kwenye `intel_pstate` ikiwa kwenye mtindo wake wa kawaida wa mashine mpya, kuna magavana wawili tu, `performance` na `powersave`, na huyu `powersave` ni mtu mwingine kabisa mwenye jina lilelile: anapanda na kushuka kulingana na mzigo, na anafika hadi turbo, ile kasi ya ziada juu ya kasi ya msingi, kazi ikidai. Ndiye chaguo la kila siku kwa Intel ya kizazi cha sita kuja juu.

Mimi niliyajua haya kwa kuchelewa. Nilikuwa nimeiweka EliteBook kwenye `powersave`, ikaenda vizuri, nikaona heri na ya dukani nayo ifuate. Ile ni AMD yenye `acpi-cpufreq`. Ikashuka chini ya nusu ya kasi yake na kubaki hapo. Jumatatu hiyo wanafunzi walikuwa wamepanga foleni na ripoti zao za utafiti, faili za kurasa mia na michoro ndani, na kila faili ilifunguka kama inavutwa kwa kamba kutoka kisimani. Mama mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, mtandao ndio uko chini?" Nikaitikia. Mungu anisamehe, mtandao ulikuwa mzima.

Njia ya kwanza: mikono mitupu na cpupower

Hii ndiyo ya chini kabisa, karibu na chuma. Kwenye Mint na Ubuntu `cpupower` inakuja na kifurushi cha `linux-tools-generic`, kwenye Debian kinaitwa `linux-cpupower`, kwenye Fedora `kernel-tools`. Ukitaka kuona hali:

`cpupower frequency-info`

Ukitaka kubadili gavana, au kuweka dari la kasi:

`sudo cpupower frequency-set -g schedutil`
`sudo cpupower frequency-set -u 2.6GHz`

Inafanya unachosema na haikuulizi. Ubaya wake ni kwamba haikumbuki. Ukizima mashine, au umeme ukikuzimia, kila kitu kinarudi kilivyokuwa, hadi uwe na huduma ya systemd (msimamizi wa huduma za Linux) ya kuirudisha. Pia haijui kama uko kwenye chaja au kwenye betri.

Kwa kompyuta ya mezani sioni sababu ya kitu kingine. Ya dukani kwangu imechomekwa ukutani mwaka mzima na kazi yake ni moja. Niliiwekea `schedutil` na nimeisahau. `performance` ningeiweka kama ningekuwa nakata video kutwa nzima, lakini printa ndiyo inayochelewesha wateja wangu, na printa haina gavana.

Njia ya pili: vitufe vitatu

Bofya alama ya betri pembeni ya skrini kwenye mandhari za Linux kama GNOME, KDE Plasma au Cinnamon za karibuni. Huenda utaona hali tatu: ya nguvu, ya wastani na ya kubana matumizi. Nyuma yake kuna huduma inayoitwa power-profiles-daemon. Fedora, kuanzia toleo la 41 la mwaka 2024, iliibadilisha kwa tuned, ila vitufe vikabaki vilevile kwa mtumiaji.

Watu wanaojiona mafundi huidharau. Mimi nimeacha. Kwenye prosesa za kisasa huduma hii haigombani na magavana, inazungumza na prosesa yenyewe kupitia kile kinachoitwa EPP: unaiambia tu unaelekea upande wa kasi au upande wa kuokoa umeme, kisha chipu inajiamulia ndani kwa ndani, haraka kuliko programu yoyote ya nje. Na kama mtengenezaji wa laptopu ameweka hali zake za joto na feni, inazigusa na hizo.

Kuna amri yake moja ninayoipenda kuliko zote:

`powerprofilesctl launch -p performance ffmpeg ...`

`ffmpeg` ni programu ya kubadilisha video. Mashine inakaa kwenye hali ya nguvu kwa muda wa kazi hiyo tu, ikimalizika inarudi ilikokuwa. Kwa mtu wa video ni zawadi, maana kosa la kawaida ni kuwasha hali ya nguvu saa nne asubuhi na kukumbuka kuizima saa mbili usiku betri ikiwa imeisha.

Kasoro zake: kuna mashine zitakazokuonyesha hali mbili tu, ile ya nguvu haipo. Tena haijui kitu kuhusu kulinda betri isichakae, na dari la GHz unalolitaka wewe haina pa kuliandika.

Njia ya tatu: TLP

TLP ni ya mtu mwenye laptopu na betri anayotaka idumu. Prosesa ni sehemu tu ya kazi yake. Inashughulikia diski, Wi-Fi, vifaa vya USB, na kwa ThinkPad inashika jambo ambalo kwetu lina thamani kuliko kasi: kikomo cha kuchaji. Laptopu inayokaa dukani imechomekwa kutwa, betri imejaa asilimia 100 na joto la Moshi juu yake, inaivisha betri hiyo polepole. Kwenye faili la `/etc/tlp.conf` unaandika:

`START_CHARGE_THRESH_BAT0=75`
`STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=80`

T480 ina betri mbili, ya ndani na ya kuchomoa, kwa hiyo kuna `BAT0` na `BAT1`, na kila moja inaandikiwa ya kwake. Siku ukisikia tangazo kwamba umeme utakatwa kesho kutwa nzima, unaandika `sudo tlp fullcharge` na inajaza hadi juu kwa mara hiyo tu. Binamu alipoona hili aliacha kuuliza kuhusu nyingine.

Upande wa prosesa, uzuri wa TLP ni kutenganisha chaja na betri. Kila mstari unaandikwa mara mbili, mmoja unaishia `ON_AC` na mwingine `ON_BAT`:

`CPU_ENERGY_PERF_POLICY_ON_AC=balance_performance`
`CPU_ENERGY_PERF_POLICY_ON_BAT=balance_power`
`CPU_SCALING_MAX_FREQ_ON_BAT=2600000`

Angalia sifuri za mstari wa mwisho. Hapo kipimo ni kilohezi, kwa hiyo GHz 2.6 inaandikwa milioni mbili na laki sita. Mtego mwingine: ukiweka gavana `performance` kwenye `intel_pstate`, EPP inafungwa upande wa kasi na keneli inakataa ukijaribu kuibadilisha. Mtu anaandika mistari yote miwili kwenye faili, halafu analalamika kwamba TLP haimsikii.

TLP na vitufe vitatu haviishi nyumba moja. Zote mbili zinaandika EPP. Ukichukua TLP ya kawaida, power-profiles-daemon iondoke, na vitufe navyo vitapotea skrini. Kwa mtu aliyevizoea ni hasara ya kweli, usimfichie.

Njia ya nne: auto-cpufreq

Hii inakaa nyuma na kupima mzigo, joto na hali ya chaja muda wote, kisha inaamua gavana na turbo bila kukuuliza. Unaweza kuionja bila kuiamini: `sudo auto-cpufreq --monitor` inakuonyesha ambacho ingekushauri na haigusi kitu. Ukiridhika ndipo `--install`. Ni mtindo mzuri, natamani na mafundi wa magari wangeuiga.

Kwa laptopu ya zamani yenye `acpi-cpufreq`, au kwa mtu ambaye hataki kufungua faili lolote la mipangilio maisha yake, naipendekeza. Kwa Intel ya kizazi cha sita kuja juu, ambayo chipu yake tayari inajiamulia, mara nyingi unaongeza msimamizi juu ya msimamizi. Binamu aliijaribu siku tatu. Wakati wa kuhamisha picha turbo ilikuwa inawaka na kuzima, na feni inapanda na kushuka kama mtoto anayejifunza kupuliza filimbi. Si kosa kubwa, ila kwa mtu anayehariri sauti ya video kwenye chumba kilekile lilikuwa kero.

Usiiweke pamoja na TLP ukaacha sehemu ya prosesa ya TLP ikiwa imewashwa.

Turbo, au kwa nini jibu la Arusha si la Moshi

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi zaidi, na ndipo penye faida kubwa kwa mashine za mtumba.

Umeme unaoliwa na prosesa unapanda pamoja na kasi, lakini pia kwa mraba wa volti, na kasi ya juu inadai volti ya juu. Kwa hiyo kipande cha mwisho cha kasi ndicho ghali kuliko vyote. Kutoka GHz 2.6 hadi 3.4 unaongeza kasi kidogo na joto jingi. Joto likikaribia kikomo cha chipu, ambacho kwa i5-8250U ya kwenye T480 ni nyuzi 100 za Selsiasi, prosesa inajikata kasi yenyewe ili isiungue. Unalipia turbo, unapewa kelele, halafu unanyang'anywa turbo.

Sasa weka mji ndani ya hesabu. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita kama 1,400. Moshi iko chini yake kwa mita 500 hivi. Mwezi wa saba binamu anahariri na jaketi mwilini. Mimi mwezi wa pili, chini ya bati, vumbi la stendi likiingia mlangoni, hewa inayovutwa na feni ni ya moto kabla haijagusa chuma. Mashine ileile, mpangilio uleule, mmoja anafaidi turbo na mwenzake anaikaanga.

Wengi hushauri kuzima turbo moja kwa moja. Kwa Intel:

`echo 1 | sudo tee /sys/devices/system/cpu/intel_pstate/no_turbo`

Kwa `acpi-cpufreq` ni kuandika 0 kwenye `/sys/devices/system/cpu/cpufreq/boost`. Kabla hujafanya hivyo, angalia umebeba prosesa gani. EliteBook yangu ina i5-6300U: kasi ya msingi GHz 2.4, turbo 3.0. Nikizima turbo napoteza 0.6, na kwa kazi ya kuandika barua na kufungua PDF sijui kama kuna kilichopungua, ila feni najua imenyamaza. T480 ya binamu ina i5-8250U: kasi ya msingi 1.6, turbo hadi 3.4. Amri ileile kwake inamrudisha kwenye 1.6 au karibu na hapo. Zaidi ya nusu ya mashine imekwenda! Kwake jibu ni dari, si kuzima. Tulianza na 2.6, tukashuka kidogo, tukapanda kidogo, huku `sensors`, amri ya kuonyesha joto, ikiwa wazi upande wa pili wa skrini, hadi joto likakaa mahali pamoja bila kugonga kikomo wakati wa kutoa video. Ukipata namba yako, ndiyo yako, usiikope kwa jirani.

Na kabla ya dari, bisibisi. Laptopu ya mtumba ya miaka saba yenye vumbi lililogandamana kwenye feni na pesti ya kupitisha joto iliyokauka kama matope ya kiangazi haitaponywa na gavana yeyote.

Kama tatizo ni programu moja

Mara nyingine mashine nzima iko salama, ni programu moja tu inayokula kila kitu. Hapa kupunguza kasi ya prosesa ni kumpiga mtoto wa jirani kwa kosa la mwanao.

`nice -n 19` inaiambia programu ikae mwisho wa foleni. Wengine wakiwa hawapo, inakula yote, kwa hiyo mashine inabaki nyepesi mkononi lakini joto halipungui. Ni nzuri kwa kuhamisha faili za akiba huku unaendelea na kazi.

`cpulimit -p 4321 -l 50` (4321 ni namba ya programu inayoendeshwa) inaisimamisha programu na kuiachia, kuisimamisha na kuiachia, ili wastani ubaki nusu ya kiini kimoja. Inafanya kazi, ila kwa ukatili kidogo, na video inayochezwa itakatikakatika.

Ninachokitumia ni kikomo cha keneli kupitia systemd:

`systemd-run --user --scope -p CPUQuota=200% ffmpeg ...`

Asilimia 200 maana yake ni viini viwili vizima, vingine vinabaki kwa ajili yako. Kwenye matoleo ya karibuni inakubali bila sudo. Binamu anaitumia usiku akiacha video zinatoka huku yeye amelala chumba hichohicho.

Tulichobaki nacho

T480 ya Arusha: TLP, EPP ya wastani kwenye chaja, dari la kasi kwenye betri tu, kuchaji kukomee 80. Mezani Moshi: `schedutil` na basi. EliteBook: vitufe vitatu, na huduma ndogo inayozima turbo kila mashine inapowashwa, ambayo mwezi wa sita huwa naiondoa kwa sababu baridi ya Kilimanjaro inashuka yenyewe hadi mlangoni.

Ukihama kutoka njia moja kwenda nyingine, ondoa ya kwanza, zima mashine na uiwashe, halafu usome tena `scaling_governor` na `scaling_max_freq` kabla ya kusakinisha ya pili. Kuna mteja aliniletea laptopu iliyokuwa imekwama kwenye GHz 1.2. Alikuwa ameondoa TLP na auto-cpufreq zote, akaapa hakuna kilichobaki. Kilichobaki ilikuwa huduma aliyoiandika mwenyewe mwaka uliopita, yenye mstari mmoja wa `cpupower`.